"Mwezi Mmoja" ni Siku Ngapi? Jinsi Mashine Inavyohesabu Siku ya Kulipa Deni

Mteja wetu, ukiambiwa "utalipa baada ya mwezi mmoja", wewe unahesabu siku ngapi?

Uliza swali hili kwenye baraza yoyote ya Old Town, hapa Mombasa, na huenda ukapata majibu matatu. Wa kwanza atasema siku 30. Wa pili atasema tarehe kama ya leo, mwezi ujao. Wa tatu, hasa akiwa mzee, atakwambia mpaka mwezi uandame tena, na hizo ni siku 29 au 30. Wote wako sawa. Kodi ya nyumba tunailipa kwa Januari na Februari, Ramadhani na Mfunguo Mosi tunafuata mwandamo, na mabaharia wetu wa zamani walikuwa na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, wakiuhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi.

Watu wakijuana, mambo haya hayaleti taabu. Mkopo wa simu ni mambo mengine. Tarehe yako inapigwa na programu, na programu haijui ulikuwa ukifikiria mwezi upi. Inajumlisha kile ilichoambiwa ijumlishe, basi. Ukihesabu vyako nayo ikahesabu vyake, anayelipa tofauti ni wewe, kwa ada ya kuchelewa.

Mkopo wa tarehe 31 Januari

Tuseme dada mmoja anayeuza leso Biashara Street amekopa shilingi 6,000 za kuongeza mzigo, Jumamosi tarehe 31 Januari 2026. Atalipa lini?

Masharti yakisema "siku 30", hesabu ni moja tu. Februari 2026 ina siku 28, kwa hivyo siku ya 30 inaangukia Jumatatu, tarehe 2 Machi.

Masharti yakisema "mwezi mmoja", hapo pana kazi. Tarehe 31 Februari haipo. Java, lugha ya programu inayotumiwa sana kwenye mifumo ya benki, ikiambiwa iongeze mwezi kwenye tarehe hiyo hurudi nyuma mpaka siku ya mwisho ya Februari: tarehe 28. JavaScript, inayoendesha kurasa nyingi za intaneti, ikiachwa ihesabu yenyewe husogea mbele: huzichukua zile siku tatu zilizozidi Februari ikaziweka Machi, na jibu likawa tarehe 3 Machi. Python nayo, katika kifaa chake cha kawaida cha kujumlisha muda, inakubali wiki, siku na saa, lakini mwezi haiukubali kabisa. Lazima mwandishi wa programu aamue mwenyewe anataka mwezi wa namna gani.

Basi dada yetu ana tarehe tatu kwa deni moja: 28 Februari, 2 Machi, au 3 Machi. Akingoja Machi 2 kumbe mfumo umeandika Februari 28, amechelewa siku mbili na hana habari.

Kwenye malipo ya awamu mambo huzidi. Ukianza tarehe 31 Januari, mfumo ukakupeleka 28 Februari, awamu ya Machi itakuwa lini? Mfumo unaohesabu kila mara kutoka tarehe ya mwanzo utasema 31 Machi. Unaohesabu kutoka awamu iliyopita utasema 28 Machi. Siku tatu hizo, na kwa mchuuzi wa Marikiti siku tatu ni mauzo.

Siku yenyewe inaanza saa ngapi?

Kwetu, jua likichwa siku nyingine imeingia. Mtu wa Old Town akisema "usiku wa Jumatatu" anaweza kuwa na maana ya Jumapili baada ya magharibi. Kijana aliyekulia Nairobi akisikia hivyo ataelewa Jumatatu yenyewe usiku. Hapo wamepishana siku nzima. Kompyuta haiko na yeyote kati yao: siku yake hugeuka saa sita ya usiku.

Halafu kuna saa zenyewe. Ujumbe ukisema mwisho ni 11:00 PM, hiyo ni saa tano usiku, wala si saa kumi na moja. Ukiona 23:59, ni dakika moja kabla ya saa sita usiku.

Kuna mifumo pia isiyohesabu siku ila sekunde. Siku moja ni sekunde 86,400, na siku 30 ni sekunde 2,592,000. Kama dada yetu alikopa saa nne asubuhi, kwa hesabu ya sekunde muda wake unaisha saa nne asubuhi tarehe 2 Machi. Kwa hesabu ya tarehe, ana mpaka saa sita usiku. Akilipa saa saba mchana siku hiyo, kwa hesabu moja yuko ndani ya muda, kwa nyingine amechelewa saa tatu.

Saa ya Mombasa na saa za kwingine

Kompyuta nyingi huweka kumbukumbu zake kwa saa ya dunia, iitwayo UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Malipo uliyotuma saa saba na nusu usiku, tarehe 3 Machi, huko yanasomeka saa nne na nusu usiku, tarehe 2. Mfumo uliotengenezwa vizuri hugeuza saa kwanza ndipo uhesabu siku. Jamaa yako wa Muscat naye yuko mbele yetu saa moja: akikutumia pesa kwake ikiwa ni saa sita na nusu usiku, tarehe mosi, hapa Mombasa bado ni mwisho wa mwezi uliopita. Msibishane, kila mmoja anasoma tarehe ya kwake.

Fanya hivi kabla hujakubali mkopo

1. Usiulize muda, uliza tarehe. "Siku 30" na "mwezi mmoja" ni vitu viwili. Taka tarehe kamili ya mwisho na saa yake.

2. Hesabu mwenyewe kwa kalenda. Siku uliyokopa usiihesabu, anza kesho yake. Jibu lako likitofautiana na ujumbe, piga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo, usingoje deni liive.

3. Kuwa macho zaidi ukikopa tarehe 29, 30 au 31. Hapo ndipo "mwezi mmoja" unapoteleza.

4. Lipa mchana, siku moja kabla. Ukilipa mapema, saa sita usiku na saa ya dunia hazikuhusu tena.

5. Hifadhi ujumbe wa mkopo na wa malipo. Una haki ya kuyajua masharti ya mkopo wako kabla hujaukubali, kwa hivyo usione haya kuuliza.

Na hata mkikopeshana wenyewe kwa wenyewe, bila riba, fanyeni hivyo hivyo. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu jambo hili hasa: deni la muda maalumu liandikwe. Na wazee wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari liko kwenye simu yako. Hakikisha tu tarehe iliyoandikwa humo ndiyo ile iliyo kichwani mwako.