Unataka deki ya Blu-ray? Hesabu diski kwanza

JUMAMOSI moja mwezi wa Desemba niliwaalika majirani wanne kwenye keja yangu. Viti niliazima kwa mama wa kibanda, bisi zilikuwa tayari kwenye bakuli, na mezani palikuwa na deki ya Blu-ray ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Marekani pamoja na diski sita za muvi, zote orijino. Nikachomeka deki kwenye soketi. Ikalia pa! Kisha harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani. Usiku huo tulitazama muvi kwa simu, watu watano tumebanana mbele ya kiskrini kimoja.

Kesho yake niligeuza deki nikasoma maandishi madogo yaliyo nyuma: volti 120. Stima ya Kenya ni volti 240.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepoteza zawadi tu. Lakini mimi ni mbishi. Januari ilipoisha nilishuka hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, nikanunua deki nyingine, mtumba kutoka Uingereza, ya volti 240. Nikafika nyumbani, nikatia diski ya kwanza. Skrini ikaniambia kwamba diski hiyo hairuhusiwi kuchezwa katika eneo hili. Ya pili, vivyo hivyo. Zote sita zilikataa.

Nilichomeka mara mbili kwa kosa lile lile: nilianza na deki. Kumbe deki ndiyo kitu cha mwisho kuchagua. Unaanza na diski utakazotazama, unafuata na runinga uliyo nayo, halafu stima ya ukutani, ndipo uende dukani. Ukipindua mpangilio huo, pesa zako zitakuwa za masomo kama zangu.

Blu-ray ni nini hasa?

Blu-ray ilifika sokoni mwaka wa 2006, mwaka ule ule na mpinzani wake HD DVD. Zilipigania wateja hadi Februari 2008, Toshiba ilipotangaza kwamba inaachana na HD DVD. Blu-ray ikabaki peke yake.

Kwa macho diski ya Blu-ray inafanana na DVD, lakini ndani ni mambo mawili tofauti. DVD husomwa kwa miale myekundu, Blu-ray kwa miale ya rangi ya samawati inayokaribia zambarau, ambayo ni myembamba zaidi na inaweza kusoma maandishi madogo zaidi. Ndiyo maana DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, au 8.5 ikiwa na tabaka mbili, ilhali Blu-ray hubeba GB 25 au 50. Kisha kuna kizazi cha 4K, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2016, ambacho diski zake hufika GB 66 na 100.

Maana yake ni nini kwako? Picha ya DVD ina mistari 480 au 576 kutoka juu hadi chini. Blu-ray ina mistari 1080. Ile ya 4K ina 2160. Deki ya Blu-ray hucheza DVD zako za zamani bila shida, lakini deki ya DVD haiwezi kucheza Blu-ray hata ukiibembeleza, kwa sababu haina ile miale.

Hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Utaona deki ya bei nafuu yenye kartoni iliyoandikwa "Full HD 1080p" na tundu la HDMI. Soma tena. Nyingi ya hizo ni deki za DVD zinazovuta picha ndogo ili ijaze skrini kubwa. Picha inakuwa afadhali kidogo, lakini si HD. Kama hakuna nembo ya Blu-ray kwenye deki yenyewe, hiyo ni DVD.

Una diski ngapi?

Sasa swali gumu. Chukua kalamu uandike diski za Blu-ray ulizo nazo, kisha uongeze zile unazojua kwa uhakika utanunua mwaka huu na mahali utakapozitoa. Ukikosa hata kumi, tulia.

Nasema hivyo kwa sababu diski nyingi tulizozoea mtaani si Blu-ray. Zile za muvi kumi ndani ya moja ni DVD zilizochomwa, hata kama karatasi ya juu imeandikwa HD. Muvi unazowekewa kwenye flashi hazihitaji diski wala deki; runinga yako ikiwa na tundu la USB, kuna uwezekano mkubwa inazicheza yenyewe. Na kama wewe ni shabiki wa DJ Afro na ile sauti yake ya kutafsiri muvi, Blu-ray haitaongeza utamu wowote. Tusisahau pia kwamba kunakili muvi ya mtu na kuiuza bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mtaani hilo huchukuliwa kama mzaha, lakini sheria ipo.

Basi deki hii ni ya nani? Ni ya yule msee anayependa muvi zake kiasi cha kuzitazama mara tatu, nne. Muvi ya kulipia mtandaoni inaweza kuondolewa wakati wowote mkataba wa kampuni ukiisha. Diski yako haiondoki rafuni. Pia ni ya yule ambaye bando linamkaba. Netflix yenyewe inasema kwamba saa moja ya picha za HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Muvi ya saa mbili, piga hesabu. Diski haili bando wala haikwami katikati ya mkwaju wa mwisho.

Kuna pia ubora wenyewe. Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha za 4K. Blu-ray ya kawaida inaruhusiwa kupeleka hadi megabiti 40 kwa sekunde kwa picha peke yake, na ile ya 4K inaweza kupita 100. Tofauti utaiona hasa kwenye giza, moshi na maji, pale muvi ya mtandaoni inapogeuka vibokisi vibokisi.

Namba ya eneo

Hili ndilo lililonichapa mara ya pili. Watengenezaji waliigawa dunia katika maeneo matatu ya Blu-ray. Eneo A lina Marekani na sehemu nyingine za bara la Amerika, pamoja na Japani na Korea. Eneo B lina Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. Eneo C lina China, India na Urusi. Deki ya eneo moja hukataa diski iliyofungiwa eneo jingine.

Kwa hivyo Kenya na Uingereza tuko kapu moja, B. Mtumba wa kutoka Uingereza unatufaa sana: eneo ni letu, volti ni zetu, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Mzigo wa kutoka Marekani unakosea yote matatu. Ukiletewa deki na jamaa aliye huko, mwombe kwanza apige picha ya maandishi ya nyuma. Yakiwa 100-240V, stima yetu haitaidhuru. Yakiwa 120V pekee, utahitaji transfoma ya kushusha volti, na hata hivyo itabaki deki ya eneo A.

Angalia nyuma ya kasha la diski pia. Utaona alama ndogo yenye herufi A, B au C. Nyingine zina zote tatu, na hizo hucheza popote. Habari njema ni kwamba diski za 4K hazifungiwi eneo. DVD nazo zina maeneo yao: sisi tuko namba 5 na Uingereza iko namba 2, kwa hivyo DVD orijino inaweza kukataa kwenye deki ya Uingereza. Zile za kuchomwa mtaani kwa kawaida hazina kifungo.

Runinga yako inaweza?

Usinunue deki ya 4K ndipo ugundue runinga yako haiwezi. Runinga nyingi za inchi 32 zilizoandikwa "HD Ready" zina mistari 768 tu, kwa hivyo hata Blu-ray ya kawaida inapunguzwa ili itoshee. Bado itashinda DVD, lakini 4K hapo ni kumpigia mbuzi gitaa. Kwa inchi 40 au 43 za Full HD, deki ya kawaida ya Blu-ray inatosha kabisa. 4K inaanza kuwa na maana ukiwa na runinga ya 4K kubwa, inchi 55 kwenda juu, na unakaa karibu nayo.

Kama bado una runinga ya zamani yenye mgongo mrefu, simama. Deki za miaka ya karibuni hutoa picha kwa HDMI peke yake; ule waya wa njano, mweupe na mwekundu hautapata pa kuingia.

Sauti nayo isisahaulike. Diski hizi hubeba sauti nzito sana, lakini spika ndogo za runinga haziwezi kuitoa. Kabla ya kuongeza pesa upate deki ya kifahari, nunua sauti bora. Keja ndogo haihitaji spika saba, na majirani wako watakushukuru.

Labda tayari unayo

Wengi wenu mna deki ya Blu-ray na hamjui. PlayStation 3 inacheza Blu-ray. PlayStation 4 pia, ingawa haichezi diski za 4K, hata ile ya Pro. PlayStation 5 yenye mahali pa diski inacheza hadi 4K, lakini ile ya Digital haina tundu. Upande wa Xbox, One S, One X na Series X zinacheza 4K baada ya kupakua programu ya Blu-ray, na Series S haina mahali pa diski. Mashine hizi pia hufuata namba ya eneo kwenye muvi, hata kama gemu zake hazifungiwi.

Kama lengo lako ni gemu na muvi, mashine moja inaweza kukuokolea pesa. Kama ni muvi tu, deki ya kawaida haina kelele, inakula stima kidogo na rimoti yake hata nyanya ataielewa.

Ukifika dukani

Kampuni zinazotengeneza deki hizi zinapungua. Oppo iliacha mwaka wa 2018, na mwaka uliofuata Samsung ikasema haitaleta deki mpya katika soko la Marekani. Sony na Panasonic bado zimo. Kwa sababu hiyo mtumba ni jambo la kawaida, na mtumba hukaguliwa.

Beba diski zako mwenyewe, Blu-ray moja na DVD moja. Muuzaji akikujaribia kwa DVD pekee, usiridhike. DVD husomwa kwa miale myekundu, na deki inaweza kuicheza vizuri huku miale ya Blu-ray ikiwa ilikufa kitambo. Hili ndilo jambo ambalo fundi aliniambia nikiwa nimeshalipa, kwa bahati yangu deki ilikuwa nzima.

Diski ikianza kucheza, ruka hadi katikati, kisha hadi karibu na mwisho. Kama ni ya tabaka mbili, hapo ndipo deki iliyochoka hukwama. Fungua na ufunge trei mara kadhaa, usikilize kama inakwaruza. Dai rimoti yake halisi, maana kuna deki ambazo huwezi kufungua mipangilio bila rimoti. Uliza kama inapokea masasisho kwa USB au waya wa intaneti, kwa kuwa diski mpya wakati mwingine hukataa deki isiyosasishwa. Mwisho, dai risiti na siku za kurudisha, ziandikwe. Ukifika nyumbani ichomeke kupitia gadi ya TV, kwa sababu stima yetu ikipotea hurudi na hasira.

Mimi sasa nina diski 11 za eneo B, nyingi ni mitumba, na kila moja niliisoma mgongo kabla ya kutoa pesa. Jumamosi viti bado naazima kwa mama wa kibanda, na siku hizi naye hufunga mapema aje kukalia kimoja. Zile sita za binamu ziko juu ya kabati kwenye makasha yake. Akija Desemba atarudi nazo.