Disneyland Paris: mtoto wa miaka 2 anaingia bure, lakini si kila mchezo unamfaa

Mzazi Mkongomani anayeishi Ufaransa na kutaka kupeleka mtoto wake mdogo Disneyland Paris kwa mara ya kwanza, heri ajue mambo haya mapema.

Bustani hiyo ya michezo ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa Paris. Treni ya RER A inafika karibu na mlango. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 halipiwi tiketi.

Ugumu unaanza ndani, kwani watoto wanapimwa urefu. Aliye chini ya mita 1,02 hapandi treni ya Big Thunder Mountain, hata alie namna gani. Wazazi wanaweza kupokezana: mmoja anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga mstari upya. Kwenye «it's a small world», mashua inapita polepole kati ya wanasesere wanaoimba, na hata mtoto mchanga anapanda pamoja na wazazi.

Kwa kuwa tiketi za wakubwa ni ghali, wazazi wengine hushawishika kumkokota mdogo hadi usiku. Akichoka, alale kwenye kigari chake. Michezo miwili aliyoifurahia inamtosha.