Pikapu ya Parokia, Trela Nyuma Yake: Matunzo Kabla ya Kuharibika



Mwezi Machi, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa naendesha pikapu ya parokia kutoka Mbeya kuelekea Chimala, nikivuta trela lenye mifuko 30 ya saruji iliyofunikwa kwa turubai, kwa ajili ya kigango kilichokuwa kinajengwa. Tulipokuwa tukiteremka maeneo ya Inyala, niliona gurudumu likitupita upande wa kulia, likidunda taratibu kana kwamba lina safari yake, hadi likapotelea katika shamba la mahindi. Nilijiuliza ni gari la nani huko nyuma limepoteza gurudumu. Ndipo trela likainama, chuma kikaanza kusaga lami, nami nikatambua kwamba gurudumu lile lilikuwa letu.

Wakati ule hakuna lori lililokuwa likipanda. Vijana wawili wa parokia walikuwa wameketi juu ya mifuko ile tangu mjini; tulipofika Uyole mvua ilianza, nikawaambia waje mbele. Mvua ndiyo iliyowaokoa, si busara yangu.

Fundi aliyekuja kutusaidia alinionyesha beringi iliyokauka na kugeuka rangi kwa joto. Haikuwa imewekwa grisi tangu nilipokabidhiwa parokia ile. Katika kipindi hichohicho nilikuwa nimemwaga oili ya injini kwa wakati wake kila mara, na gari lilioshwa kila Jumamosi ili liwe safi kwa misa za Jumapili vigangoni. Trela sikuligusa. Kwangu lilikuwa mabati tu na magurudumu mawili.

Naandika haya kwa sababu parokia nyingi katika nyanda hizi za juu, Mbeya kwa Iringa, zina pikapu ya namna hiyo: Hilux au Land Cruiser iliyokwisha kutembea kilomita 300,000 au 400,000, ambayo bado inatarajiwa kubeba wagonjwa, kupeleka padre vigangoni, na kuvuta trela la mahindi ya zaka, matofali, mbao za Mafinga au tangi la maji. Baadhi ya magari hayo tuliyapata kwa msaada wa mashirika kama MIVA, iliyoanzishwa nchini Ujerumani mwaka 1927 na Padre Paul Schulte wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki huko Namibia kwa kukosa chombo cha kumfikisha hospitali mapema. Wafadhili hutoa gari, hawatoi oili. Tangu siku lile gari linapobarikiwa mbele ya kanisa, uhai wake u mikononi mwetu.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1284, inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wafanye kazi kwa uangalifu wa baba mwema wa familia, na wajibu wa kwanza unaotajwa pale ni kuangalia kwamba mali waliyokabidhiwa isipotee wala isiharibike. Lakini mimi huvutwa zaidi na agizo dogo lililomo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8: anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Anayejenga haambiwi asubiri mtu aanguke kwanza. Na ule mwongozo wa uchungaji wa barabarani uliotolewa Vatikano mwaka 2007, wenye amri kumi za madereva, ulianza na amri ya kutoua. Hivyo swali la grisi na breki halimhusu fundi peke yake.

Tuanze na maji, kwa kuwa milima yetu ndiyo huyafanya yawe tatizo. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, na hapo maji huchemka kwa nyuzi takribani 94. Iringa mjini ni karibu 95. Injini inayovuta trela mlimani hufanya kazi katika joto lililo karibu sana na hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao una springi na mpira wa kubana mvuke. Mgandamizo huo huongeza takribani nyuzi 20 kabla ya maji kuanza kuchemka. Mpira ukichakaa au springi ikilegea, nyuzi hizo 20 zinapotea. Nimeona gari likibadilishwa rejeta, likabadilishwa pampu ya maji, likafunguliwa silinda hedi, na kumbe mfuniko wa bei ndogo ndio uliokuwa umekufa. Mfuniko huo usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Waliofanya hivyo wana makovu usoni.

Ndani ya rejeta iwekwe kulanti, si maji ya bomba wala ya mtoni. Maji matupu hula chuma kutoka ndani na kuacha kutu inayoziba njia nyembamba za rejeta. Tena kwetu kuna baridi: mwezi Juni na Julai, kuanzia Umalila hadi Kitulo na Makete, ipo alfajiri ambayo barafu hulala juu ya majani, na maji matupu yanaweza kuganda ndani ya injini na kupasua chuma. Niseme pia neno juu ya thamostati, kifaa ambacho mafundi wetu wengi hukitoa na kukitupa ili injini isichemke. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula dizeli zaidi na husagika upesi asubuhi za baridi. Na katika baadhi ya injini kuitoa huacha njia ya mkato wazi, maji yakapita bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo gari huchemka zaidi linapopanda. Ikiwa gari linachemka, tafuteni sababu.

Kuhusu oili sitasema mengi, maana ndiyo pekee inayokumbukwa na wote. Kitabu cha mtengenezaji hutoa vipindi viwili, cha kazi ya kawaida na cha kazi ngumu. Kuvuta trela, vumbi na milima vyote viko upande wa kazi ngumu. Kwa pikapu ya dizeli iliyozeeka, kilomita 5,000 ni kikomo cha busara, na kijiti cha oili kipimwe kila wiki gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu injini ya umri huo hula oili kidogo kidogo bila kusema. Filta ya hewa nayo, kuanzia Juni hadi Oktoba, ichunguzwe mara kwa mara, kwani vumbi la barabara zetu za vigangoni ni kama unga. Mtego wa maji ulio chini ya filta ya dizeli ufunguliwe na kumwagwa, hasa kwa parokia zinazohifadhi dizeli kwenye mapipa, ambamo baridi ya usiku huacha matone ya maji.

Kuna kitu kimoja kisichotoa onyo lolote: mkanda wa taiming. Injini nyingi za dizeli za Toyota zinazotumika kwetu zina mkanda huo, na wenye kuzitengeneza huagiza ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na aina ya injini. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na hapo tunazungumzia injini nzima. Magari mengi huwasha taa kwenye dashibodi muda ukifika. Niliwahi kukuta gari ambalo taa hiyo ilikuwa imeondolewa balbu, kwa maelezo kwamba ilikuwa inamsumbua dereva.

Sasa breki, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Atokaye Iringa kwenda Dar es Salaam huvuka Ilula kisha huteremka Kitonga. Atokaye Mbeya kwenda Mbalizi huteremka Iwambi. Kila mkazi wa huku anajua ni nini kimewahi kutokea kwenye miteremko hiyo, na wengi tumezika. Mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu, trela likisukuma kwa nyuma na mguu ukiwa juu ya breki muda wote, joto la magurudumu hufika huko kwa urahisi. Mafuta yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubanwa ukabonyea kama sifongo, hivyo pedeli huzama hadi sakafuni na gari haliitikii. Dereva hufikiri breki zimekatika. Baada ya nusu saa, zikipoa, hurudi kufanya kazi, na fundi haoni ubaya wowote. Kwa hiyo mafuta hayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama kopo linaonekana limejaa.

Lakini hata mafuta mapya hayawezi kumwokoa anayeteremka kwa gia huru, au nyutro kama wasemavyo madereva, ili kuokoa dizeli. Wazee wa barabara hii walitufundisha kwamba gia unayopandia mlima ndiyo ya kuteremkia, nayo ichaguliwe kileleni, kabla mwendo haujakolea. Injini ibebe uzito, breki zisaidie. Padi, breki shuu na mipira ya breki ichunguzwe kabla ya msimu wa mvua na baada yake.

Oili ya giaboksi na ya difu husahauliwa kwa sababu iko chini na haina taa. Kwa gari livutalo trela, ibadilishwe kila kilomita 20,000 au muda ulioandikwa kitabuni kwa kazi ngumu. Wenzangu mnaokwenda kuchukua mpunga bonde la Usangu, Ubaruku na Rujewa, mkivuka maji yaliyofika ekseli, mfungueni difu mkirudi: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na imwagwe siku hiyohiyo. Klachi nayo ina adui mmoja, ni ule mguu unaopumzika juu yake. Springi za nyuma zikaguliwe jani kwa jani, na boliti zinazozifunga kwenye ekseli zikazwe, maana jani moja lililovunjika huegemeza mzigo wote upande mmoja.

Nirudi kwenye trela. Uzito wa mahindi ni rahisi kukadiria: magunia 15 ya kilo 100 ni tani moja na nusu, bado hujahesabu chuma cha trela lenyewe. Watengenezaji wa pikapu nyingi huruhusu kilo 750 tu, mzigo na chuma pamoja, ikiwa trela halina breki zake. Matrela yetu mengi yamechomelewa mtaani na hayana breki. Basi hesabu ni ngumu, najua, na najua pia kwamba safari mbili hula dizeli mara mbili. Mimi hufanya safari mbili.

Mzigo upangwe mbele kidogo ya ekseli, ili takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee kwenye kiungo cha kuvutia. Ukiwa mwingi nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukizidi humgeuza anayelivuta. Beringi zifunguliwe, zioshwe na kutiwa grisi mpya angalau mara moja kwa mwaka. Njiani, kila msimamapo, wekeni kiganja karibu na kikombe cha gurudumu, na lile lililo la moto kuliko mwenzake lichunguzwe hapohapo. Tairi lililopauka na kupasukapasuka ubavuni ni bovu hata kama kashata bado zimesimama. Minyororo ya usalama iwe miwili na ipishane chini ya kiungo. Na watu wasipande. Wanakwaya, mafundi, watoto wa utoto mtakatifu, hakuna anayepaswa kukaa juu ya trela, hata kama kigango ni cha hapo ng'ambo tu na shughuli ni ya Mungu.

Halmashauri za walei huuliza, tena kwa haki, kwa nini fedha zitoke kwa ajili ya gari linalotembea vizuri. Jibu langu huwa ni daftari. Sisi mapadre huhamishwa, gari hubaki. Paroko mpya hupewa funguo na kadi ya gari, asijue mkanda ulibadilishwa lini, wala difu ilifunguliwa lini mara ya mwisho, naye huanza kubahatisha na fedha za waamini. Daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha: tarehe, kilomita, kilichofanyika, aliyekifanya, risiti imebandikwa. Lisomwe kwenye kikao pamoja na hesabu nyingine, na liwemo katika orodha ya makabidhiano.

La kwetu lina sehemu ya trela peke yake. Maandishi ya mwisho, ya wiki iliyopita, ni ya mmoja wa vijana wale wawili, ambaye siku hizi ndiye dereva wetu: beringi ya kulia imefunguliwa, imeoshwa kwa mafuta ya taa, imetiwa grisi, ya kushoto ina mlio, inasubiri spea kutoka mjini, trela lisitoke.