Kimya si Ruhusa: Somo la Mto Sebeya na Kompyuta Kuu

Mto Sebeya, unaopita Rugerero katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, hufanya kazi nyingi kabla ya kuingia Ziwa Kivu. Maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Keya, kisha ya Gihira, kisha ya Gisenyi. Hapo Gihira, sehemu ya maji hayo husafishwa yapate kunywewa na wakazi wa Rubavu.

Kusafisha maji kuna utaratibu wake. Maji hutekwa mtoni, hutiwa shabu ili matope yashikamane, huachwa yatulie, huchujwa kwa mchanga, na mwisho hutiwa klorini. Lakini kujua mfuatano huo hakutoshi. Mwenye zamu hafungulii maji yaende mjini kwa sababu tu saa ya kuchuja imekwisha. Hupima kwanza. Yakiwa yametakata, huendelea. Yakiwa bado yana matope, husimamisha, maana klorini haifanyi kazi yake sawasawa katika maji machafu. Kwisha ni jambo moja, kwisha vizuri ni jambo jingine.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala mashine ambazo wengi wetu hatuzioni: kompyuta kuu. Tangu kampuni ya IBM ilipotangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964, benki kubwa na serikali za nchi nyingi zimezitegemea kompyuta za namna hiyo kufanya usiku kazi ambazo watu wanazikuta tayari asubuhi: hesabu za akaunti, ankara na mishahara. Kazi hizo ni nyingi, na kila moja inaingoja mwenzake.

Tuchukue mfano wa mishahara. Hatua ya kwanza ni kupokea mabadiliko ya orodha: nani ameajiriwa, nani amepandishwa cheo, nani amestaafu. Ya pili ni kupiga hesabu. Ya tatu ni kuweka nakala ya akiba. Ya nne ni kupeleka fedha benki. Hatua ya nne ikitangulia ya pili, fedha zitakwenda kwa hesabu ya mwezi uliopita. Ikirudiwa baada ya hitilafu bila kuuliza kama ilikwisha fanyika, watu watalipwa mara mbili, kisha watadaiwa.

Kwa hiyo kila hatua inapomaliza huacha alama, mithili ya mlinzi anayetoa taarifa mwisho wa lindo. Kwa desturi, 0 maana yake ni salama. 4 ni onyo dogo. 8 ni kosa. 12 ni kosa kubwa. Na 16 ni kosa lisiloruhusu kuendelea. Hatua inayofuata huitazama alama hiyo, huilinganisha na sharti iliyoandikiwa, kisha hufanya kazi au hurukwa.

Hapo pana mtego uliowanasa mafundi wengi. Katika lugha ya zamani ya kuamuru mashine hizo, sharti halisemi lini hatua ifanyike, bali lini irukwe. Fundi huandika: ruka hatua hii ikiwa 4 ni ndogo kuliko alama iliyoachwa. Alama ikiwa 8, hatua hurukwa; ikiwa 4 au 0, hufanyika. Asiyezoea huisoma amri hiyo kinyume, na mashine hutii kilichoandikwa, si kilichokusudiwa.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Hatua iliyorukwa haiachi alama yoyote. Ikiwa hatua nyingine iliambiwa itazame alama ya ile iliyorukwa, sharti hilo halihesabiwi. Na kama hakuna sharti jingine la kuizuia, hatua hiyo huendelea kana kwamba mambo yote ni shwari. Yaani ukimya umehesabiwa kuwa ruhusa. Askari yeyote anajua hatari yake. Kituo cha mbele kisipotoa taarifa, kamanda mwenye busara hasemi kwamba njia ni salama. Hutuma mtu akaangalie.

Kuna wanaodhani kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi. Basi na wakumbuke yaliyotokea Uingereza mwezi Juni mwaka 2012. Benki ya RBS, pamoja na benki zake za NatWest na Ulster Bank, ilibadilisha programu iliyokuwa ikipanga zamu za kazi hizo za usiku. Ilipoonekana kwamba mambo hayaendi vizuri, mafundi waliamua kurudi kwenye programu ya zamani bila kupima kwanza kama kurudi huko kungewezekana. Hakukuwezekana ipasavyo. Kazi zilirundikana, kila moja ikiingoja iliyotangulia. Watu wasiopungua milioni 6.5 waliathirika, wako walioshindwa kuona salio lao, kulipa madeni au kupata fedha zao. Wateja wa Ulster Bank waliendelea kutaabika hadi Julai. Mwaka 2014 wasimamizi wa mabenki waliitoza RBS faini ya pauni milioni 56.

Tunajifunza nini? Kwamba sharti la kusonga mbele, na sharti la kurudi nyuma vilevile, yapaswa kuandikwa na kujaribiwa mchana, wakati akili zimetulia. Usiku wa hatari si wakati wa kuanza kuulizana.

Wananchi wa Rugerero wanalielewa neno hili kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya, na watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini Rwanda kwa mafuriko na maporomoko ya siku hizo. Mtambo wa maji wa Gihira nao ulipatwa na mafuriko. Askari wa jeshi na polisi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwaokoa wananchi.

Katika kazi ya namna hiyo maswali ni yale yale ya kompyuta kuu. Nani atoe taarifa kwamba mto umepanda? Ukifika alama gani watu waondolewe? Na wale waliohamishwa warudi lini: siku mvua inapokatika, au siku mto na kuta za nyumba zitakapokuwa zimekaguliwa?

Basi, ndugu zetu wa ulinzi na usalama, kila mnapopokea zamu msiulize tu kama wenzenu wamemaliza. Ulizeni wamemaliza vipi. Na pasipokuwa na jibu, hesabuni kwamba jibu bado, wala msivuke.