Kuhuma si kutuma kulikoharibika

Mtoto wa Msambweni aliyelelewa kwa Chidigo hatumwi dukani, huhumwa. Akilitamka neno hilo mbele ya wageni, wapo watakaodhani Kiswahili kimemshinda. Dhana hiyo inawaonea Wadigo, na historia ya kitenzi chenyewe inaikanusha.

Mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm alieleza kwamba sauti za lugha hazigeuki ovyo. Penye t katika "tres" ya Kilatini, Kiingereza kina th katika "three", na badiliko hilo hujirudia neno baada ya neno. Kwa kanuni kama hizo wataalamu waliunda upya vitenzi vya kale ambavyo hakuna aliyeviandika. Kimojawapo ni *sandijaną, yaani kumfanya mtu aende, kilichozaa "senden" ya watalii Wajerumani tunaowaona Diani, na "send" ya Waingereza. Kinyota kilichotangulia kinamwambia msomaji kwamba umbo hilo limekisiwa kwa ushahidi, halikukutwa kwenye maandishi.

Carl Meinhof, Mjerumani pia, alizichambua lugha za Kibantu kwa njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1899. Waganda husema tuma, Wazulu thuma, Wakikuyu tũma. Mzizi wao mmoja ni *-tum-, wa maelfu ya miaka iliyopita.

Katika lugha za Mijikenda, Chidigo kikiwamo, t hiyo ya kale ililegea: ulimi ukaacha kugusa meno, ikabaki pumzi tupu. Ndiyo maana Mdigo ana muhi penye mti wetu, moho penye moto, hahu penye tatu, na maji huyaheka badala ya kuyateka. Mtu je? Kwa Chidigo ni mutu, na t imesalimika. Hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Waganda husema omuntu na Wazulu umuntu. Zamani palikuwa na n mbele ya t, na n hiyo ikaikinga isilegee. Baadaye n yenyewe ikatoweka, lakini t iliyoilinda inasikika Ukunda hadi leo. Anayeharibu lugha ya mwenzake hawezi kuwa na utaratibu kama huu.

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wanaviweka Kiswahili na Kimijikenda katika kundi moja la Sabaki, pamoja na Kipokomo, Kiilwana na Kingazija. Hao ni ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Tena si kila mara Kiswahili ndicho kilichotunza urithi. Tunasema kutumia, Mdigo husema kuhumira. Kiambishi cha kale cha kutendea kilikuwa na konsonanti, ambayo kwetu hujitokeza tena tukisema kutumilia. Katika kutumia tumeiangusha. Chidigo kimebaki nayo.