Baada ya Upasuaji wa Moyo, Usiache Dawa ya Mapigo



Mishipa inayoulisha moyo ikiziba, daktari huweza kuchukua mshipa mwingine, kwa mfano wa mguu au wa kifua, na kupitishia damu humo kando ya mahali palipoziba. Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Siku hizi upasuaji huu hufanyika pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Hata upasuaji ukienda vizuri, ipo hatari moja. Kati ya wagonjwa 10, wawili hadi wanne hupatwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hasa siku ya pili hadi ya nne. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama humo huganda, na donge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Tuzuie namna gani?

Kwanza, vidonge vya kutuliza mapigo, kama vile bisoprololi, metoprololi au atenololi, visikatizwe bila amri ya daktari. Kuviacha ghafla huufanya moyo uende mbio. Wako wanaoviacha kwa kuwa wamefunga na kusali, wengine kwa kuwa wanajiona wamepona. Ndugu zetu, sala na dawa hazigombani. Hata mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo hauvunjwi na maji wala dawa.

Pili, hospitalini tunapima potasiamu na magnesiamu katika damu, yakipungua hurudishwa. Usijinunulie dawa za madini hayo, kwani potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo.

Tatu, wenye hatari kubwa, hasa wazee, huweza kupewa amiodaroni.

Nyumbani, anayemuuguza mgonjwa ajifunze kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika moja nzima. Yakirukaruka, au yakizidi 100 mgonjwa akiwa amepumzika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msingoje hata saa moja.

Mungu awajalie afya njema.