Kampuni ya Imeli Imekukata Pesa? Jua Pa Kuanzia Kabla ya Kudai Irudishwe

Ni asubuhi. Umefungua simu uone kama mteja wa jana amelipa, unakuta ujumbe mwingine kabisa: shilingi 9,048 zimetoka kwenye kadi yako ya mtandaoni. Jina la aliyepokea halikuingii akilini mara moja. Halafu unakumbuka. Ni ile kampuni ya kutuma imeli za matangazo uliyojisajili nayo miezi kadhaa iliyopita ili utangaze viatu vyako. Ulituma imeli tatu hivi, ukaona mambo ni mengi, ukaachana nayo. Wewe uliachana nayo, lakini yenyewe haikuachana na wewe. Na hiyo pesa ilikuwa ya kuongeza stoki.

Malalamiko ya aina hii tunayapata mara kwa mara, na mengi huanza na maneno haya: "Nirudishieni pesa yangu." Tunaelewa uchungu wake. Lakini kuna mpangilio wa kufuata, na ukiuruka unaweza kupoteza dai ambalo ungelishinda. Wacha tueleze.

Kwa nini haturudishi papo hapo?

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi na utuarifu haraka, mara nyingi pesa bado iko ndani ya mfumo wetu. Tunaweza kuishikilia na kuzungumza na aliyeipokea. Malipo ya kadi yana njia tofauti. Pesa hutoka kwenye akaunti yako, hupitia mtandao wa kadi, kisha huingia kwenye benki ya muuzaji, pengine Marekani au Ulaya. Hapo hatuna mkono wa kuinyakua. Anayeweza kuirudisha kwa urahisi ni muuzaji mwenyewe.

Jambo la pili ni ruhusa. Unapolipa kwa simu, ujumbe unakuja, unaweka PIN, malipo yanaisha. Mwezi ujao muuzaji akitaka pesa tena, lazima akuombe tena. Lakini ukiweka namba ya kadi kwenye tovuti na kukubali usajili wa kila mwezi, umetoa ruhusa ya kukatwa tena na tena hadi utakapoifuta. PIN haitaulizwa. Ndiyo sababu pesa hutoka hata ukiwa umelala.

Watu wengi hudhani wameifuta ruhusa hiyo kumbe bado. Kufuta apu kwenye simu hakufuti usajili. Kubonyeza "sitaki kupokea imeli zenu" pia hakufuti; hiyo huzuia tu matangazo ya kampuni yenyewe. Hata kuacha akaunti bila pesa si dawa, kwa sababu muuzaji anaweza kujaribu tena kesho na kesho kutwa, na siku utakayoweka pesa ya kodi ya nyumba, atakuta mlango wazi.

Mbona kiasi kimepanda?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. "Nilikubali dola 20, mbona nimekatwa kama mara tatu?" Kuna sababu nne za kawaida.

Kwanza, bei ya huduma hizi mara nyingi hufuata idadi ya watu walio kwenye orodha yako. Orodha ikivuka kiwango cha pakeji yako, mfumo unaweza kukuhamisha hadi pakeji ya juu wenyewe. Kampuni nyingine huhesabu hata watu waliojiondoa, mradi majina yao bado yamo kwenye akaunti.

Pili, ofa ya mwanzo ikiisha, bei kamili inaanza.

Tatu, kuna kodi. VAT ya asilimia 16 hutozwa pia kwa huduma za mtandaoni zinazouzwa Kenya na kampuni za nje. Kwa hivyo pakeji ya dola 60 inaweza kufika dola 69.60.

Nne, kuna kubadilisha dola kuwa shilingi. Tuseme dola ni shilingi 130 siku hiyo: dola 69.60 zinakuwa shilingi 9,048, yaani kile kiasi ulichoona asubuhi.

Hesabu hiyo hufanya kazi hata pesa ikirudi. Kampuni ikikurudishia dola 69.60 zote wakati dola imeshuka hadi shilingi 127, utapokea shilingi 8,839.20. Hizo shilingi 208.80 zilizopungua hazikuibwa na mtu. Ni tofauti ya kiwango cha dola kati ya siku uliyokatwa na siku uliyorudishiwa.

Fuata hatua hizi, kwa mpangilio huu

1. Angalia kama pesa imeenda au imeshikiliwa tu. Ukiweka kadi mara ya kwanza, kampuni inaweza kushikilia kiasi kidogo, kama dola 1, kuhakikisha kadi inafanya kazi. Kwa kawaida kiasi hicho huachiliwa chenyewe. Kama malipo yameandikwa kuwa yamekamilika, endelea na hatua ya pili.

2. Pakua orodha ya wateja wako. Fanya hivi kabla ya kugombana na mtu. Akaunti ikifungwa katikati ya mzozo, unaweza kukosa majina na anwani ulizokusanya kwa mwaka mzima, na hiyo ni hasara kubwa kuliko 9,048.

3. Futa usajili wa kulipia ndani ya akaunti yako. Tafuta sehemu ya malipo au bili. Soma kila ukurasa hadi mwisho, kwa sababu nyingine huuliza mara mbili au tatu kama una uhakika. Usitoke kabla ya kuona maneno yanayothibitisha kwamba usajili umefutwa. Piga picha ya skrini, yenye tarehe.

4. Ondoa kadi kwenye tovuti yao, kisha uifunge kwa muda kwenye apu yetu. Kufunga kadi peke yake husimamisha makato mapya, lakini mkataba na kampuni hubaki palepale, na inaweza kuendelea kukuandikia deni. Ndiyo maana kufuta usajili kunatangulia.

5. Iandikie kampuni. Usipige simu tu. Andika, ili pawe na kumbukumbu. Kama ni ya nje, tumia Kiingereza chepesi. Taja imeli uliyojisajili nayo, tarehe ya kukatwa, kiasi, namba ya ankara, siku uliyotumia huduma mara ya mwisho, na unachotaka: pesa yote au sehemu. Kisha omba jibu kabla ya tarehe fulani. Siku 7 hadi 10 zinatosha. Matusi yaache. Anayesoma barua yako mara nyingi ni mfanyakazi wa kawaida mwenye uwezo wa kukurudishia au kukunyima, na mtu aliyeandika kwa adabu na ushahidi humrahisishia kazi.

6. Wakikataa au wakinyamaza, njoo kwetu. Fungua sehemu ya msaada kwenye apu na utuambie unataka kupinga malipo ya kadi. Tuletee picha za skrini, ankara na barua zote. Sisi tutapeleka dai kwa mtandao wa kadi, nao watauliza upande wa muuzaji. Usikae sana: kwa aina nyingi za madai, mitandao mikubwa ya kadi huweka kikomo cha siku 120. Ukituletea jambo la mwaka jana, huenda mlango umeshafungwa.

Kuna hali moja tu ambapo unaruka hatua zote hizi. Kama hujawahi kujisajili na kampuni hiyo na huitambui kabisa, funga kadi sasa hivi na utupigie. Huo unaweza kuwa wizi wa namba ya kadi, na utahitaji kadi mpya.

Madai gani hushinda, na gani huanguka?

Hatutaki kukupa matumaini hewa. Dai la kupinga malipo huamuliwa kwa ushahidi wa pande mbili. Kelele hazihesabiki.

Una nafasi nzuri kama ulifuta usajili tarehe 3 na ukakatwa tarehe 10, na una picha ya kuthibitisha. Vilevile kama umekatwa mara mbili kwa ankara moja, kama kampuni iliahidi kwa maandishi kurudisha pesa na haijarudisha, au kama ulilipa na huduma haikufunguka kabisa.

Una nafasi ndogo kama kisa ni "nilisahau kufuta." Kampuni itaonyesha masharti uliyoyakubali. Una nafasi ndogo zaidi kama ulitumia huduma mwezi huohuo. Kumbuka kampuni ina rekodi ya kila ulipoingia na kila imeli uliyotuma. Ukituambia hukuwahi kuitumia, nao wakaleta orodha ya imeli 800 ulizotuma wiki iliyopita, dai limekwisha hapo. Tuambie ukweli tangu mwanzo, hata kama haukupendezi, ili tujue dai lako lina miguu au la.

Kwa walioanza na "nilisahau," hatua ya 5 ndiyo tumaini kubwa. Kampuni inaweza kuamua kurudisha malipo ya mwezi mmoja kwa hiari, hasa ikiona hukuingia kwenye akaunti kipindi hicho chote. Ukianza kwa kupinga malipo badala ya kuomba, inaweza kufunga akaunti na kuamua kupigania kila senti.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kulinda Wateja ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti akupe maelezo ya lazima kabla hujakubali, na akupe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa. Kama bei ya kujirudia ilifichwa, litaje jambo hilo kwenye barua yako. Ila tuseme ukweli: kumfuata muuzaji asiye na ofisi Kenya kwa ajili ya shilingi 9,048 ni safari ndefu. Barua nzuri na ushahidi kamili ndiyo njia fupi.

Je, kama wamefunga akaunti yangu na pesa wakabaki nayo?

Hili nalo huja kwetu, na wengi hukasirika tunapowajibu. Mtu amelipa leo, ametuma imeli moja, kesho akaunti imefungwa. Pesa hairudi. Tukiuliza orodha ilitoka wapi, jibu ni, "Niliinunua kwa jamaa fulani."

Hapo ndipo penye shida. Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma imeli nyingi wahakikishe malalamiko ya spamu hayafiki asilimia 0.3. Hiyo ni watu 3 kati ya kila 1,000. Orodha ya kununua ina watu wasiokujua, na watu wasiokujua hubonyeza kitufe cha spamu haraka. Kampuni ya imeli inawatumia wateja wengine pia, kwa hivyo ikikuacha uendelee, imeli za wote zitaanza kukataliwa. Masharti yao karibu kila mara yanakataza orodha za kununua. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inalinda data ya hao watu unaowaandikia. Dai kama hilo ni gumu sana kulishinda.

Lakini kama orodha yako ni ya wateja waliokubali wenyewe, usikate tamaa. Onyesha walivyojisajili, iwe kwa fomu ya tovuti au daftari la dukani, na uombe akaunti ikaguliwe upya.

Jihadhari na "wakala wa kurudisha pesa"

Ukilalamika hadharani kwenye mitandao ya kijamii, usishangae ukipata ujumbe: "Pole sana, sisi tunasaidia kurudisha pesa, tutumie namba ya kadi na ile kodi uliyotumiwa." Huyo ni tapeli. Pesa inayorudishwa huja yenyewe kwenye kadi iliyolipa. Haihitaji PIN yako, haihitaji kodi ya siri ya ujumbe mfupi, na haihitaji utume "ada ya kufungulia." Sisi hatutakuuliza PIN yako hata siku moja.

Kabla ya usajili ujao

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku unayojisajili, andika mahali tarehe ambayo ofa inaisha na uweke alamu siku tatu kabla. Tumia kadi ya mtandaoni yenye kikomo cha kiasi unachokubali kukatwa, basi bei ikipanda malipo yatakataliwa na utajua kuna jambo. Ondoa kwenye orodha majina yasiyo na faida. Na kila mwezi, fungua historia ya kadi kwenye apu yetu usome majina ya waliokukata. Ni dakika mbili tu.

Kama umekatwa leo, rudi kwenye hatua ya kwanza na uanze sasa, kabla ya tarehe ya makato mengine kufika. Ukikwama popote, sehemu ya msaada kwenye apu iko wazi. Njoo na ankara na picha za skrini, tuangalie pamoja.